Ndama wa Makeke

Pale machinjioni walimwita Mama Mayai, na jina likamganda. Kila asubuhi alifika na chupa kubwa ya chai mkononi, ila ndani hamkuwa na chai. Mlikuwa na maji ya chumvi ya uvuguvugu, na humo ndimo wachinjaji walimotumbukiza vifuko vya mayai vya ng'ombe waliotoka kuchinjwa.

"Mama Mayai, leo unakaanga au unachemsha?" walimtania.

"Leo naatamia," alijibu, akafunga kifuniko na kwenda zake.

Na kweli alikuwa akiatamia. Maabara yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya ofisi ya mifugo, dirisha limebandikwa karatasi nyeusi kuzuia jua, na kabati la joto likinguruma kutwa kama paka aliyeshiba. Humo aliyafyonza mayai kwa sindano, akayakutanisha na mbegu za dume bora kwenye kisahani, akayaacha kabatini karibu wiki nzima ndani ya tone la lishe. Viinitete vilivyotokea vizuri alivipandikiza kwa majike ya wafugaji, ili ng'ombe wa kawaida azae ndama wa maziwa mengi. Kazi hiyo alikuwa ameifanya kwa miaka, na mkono wake ulikuwa mwepesi.

Nyumbani hawakumwita Mama Mayai. Kwa dada yake mkubwa alikuwa "mdogo wangu" tu, ingawa mvi zilikwisha kumwota. Mama yao alifariki mapema, na dada ndiye aliyemlea. Dada alikuwa mjane, mwenye sauti nene na maneno yasiyopindwa. Ng'ombe aliyempenda kuliko wote aliitwa Makeke, kwa sababu hakuna aliyewahi kumkamua bila kuonja teke. Mama Mayai alipotafuta majike ya kubeba viinitete, dada alijitokeza kabla hajaombwa.

"Kama ni kazi ya mikono yako, Makeke atabeba," alisema. "Mwingine nisingemkubalia hata aje kwa magoti."

Makeke alishika mimba, na dada akawa anatembea kifua mbele. Kila aliyekuja kununua maziwa aliambiwa habari za ndama wa kisahani, atake asitake.

Mimba ilipopita mwezi wa saba, Mama Mayai alikwenda na mashine ya altrasaundi kumpima. Alivaa glovu ndefu mpaka begani, akaingiza mkono na kipimo, akakodolea macho kioo. Kwenye ukungu wa kijivu aliutafuta mguu wa ndama, akaupata, akapima upana wa mfupa juu kidogo ya kwato. Akapima tena. Akausogeza mkono, akavuta pumzi, akapima upya. Mfupa ule ulikuwa mnene kama wa ndama aliyekwisha zaliwa, na bado siku za kuzaa zilikuwa mbali.

"Vipi, ni jike?" aliuliza dada, aliyekuwa ameshika mkia.

"Sijaona, Dada."

"Sasa muda wote huo unatazama nini?"

"Mguu. Ni mkubwa mno."

Dada akacheka. "Si ndiyo vizuri? Au ulitaka anizalie mbuzi?"

Mama Mayai hakucheka. Alijua alichokiona, kwa maana alikuwa amekisikia mara nyingi kwenye vikao vya maabara: ndama wa kisahani ambao mara chache, bila kupiga hodi, hukua tumboni bila kusimama. Wengi huwafia mama zao ndani, na wengine huondoka nao.

Alimpigia simu Profesa, mkuu wa maabara, akiwa bado hajavua glovu. Profesa alimtaka arudie vipimo.

"Mweleze mwenye ng'ombe," alisema hatimaye. "Mwambie akubali apasuliwe mapema. Na wewe uwe tayari na chupa ya naitrojeni ya kugandishia vipande. Huyu tunamhitaji."

Kumweleza dada hakukuwa lelemama. Kesho yake Mama Mayai alikuja na daktari wa mifugo, bwana mmoja mwenye kitambi na mzaha usiokwisha, wakaketi uani kwenye vibao vya kukamulia.

"Dada, kila kitu mwilini kimeandikwa mara mbili," alianza. "Mara moja kutoka kwa baba, mara moja kutoka kwa mama. Mara nyingi mwili unasoma kote kuwili. Lakini kuna sehemu chache zimepigwa mhuri, zisomwe upande mmoja tu."

"Haya."

"Sasa, kuna breki ya ukuaji. Inamwambia ndama, basi, usizidi hapo. Jirani na breki hiyo panatoka uzi mrefu unaoitwa RNA. Nyuzi nyingi za namna hiyo ni maagizo ya kutengeneza protini. Huu hautengenezi chochote. Kazi yake ni kukaa pale pale na kuwanyamazisha majirani. Upande wa baba uzi huo unatoka, breki inanyamaza. Upande wa mama umezibwa kwa mhuri, hautoki, kwa hiyo breki ya mama inafanya kazi. Moja inatosha."

"Na huyu wangu?"

"Nahisi mhuri wa mama umefutika. Uzi unatoka pande zote mbili. Hakuna breki."

Dada alimkazia macho. "Nani ameufuta?"

"Mihuri hiyo inapaswa kulindwa siku zile za mwanzo kabisa. Siku ambazo alikuwa kwangu, kwenye kisahani. Ile lishe tunaitia seramu, yale maji yanayobaki damu ikiganda. Wapo wanaosema hiyo ndiyo inayovuruga. Sina hakika, Dada. Lakini kama kuna mahali mambo yaliharibika, ni pale kwangu."

Daktari aliingilia, akasema dawa kidogo ya ganzi na kisu wiki mbili kabla ya wakati vingemwokoa Makeke bila taabu. Lakini dada alikuwa amekwisha simama, anajifuta mikono kwenye kanga.

"Makeke hachanwi," alisema. "Ulinijia na neema, sasa unaniletea msiba. Ng'ombe wangu anakula, anacheua, anapiga mateke. Siku yake ikifika atazaa kama wenzake. Kunyweni chai mwende."

Wakaondoka bila chai.

Siku zilizofuata Mama Mayai hakuiacha simu yake mbali. Kazini aliangusha visahani, jambo lisilokuwa desturi yake. Kila simu ilipolia alishtuka. Alipita kwa dada asubuhi na jioni, wala hakukaribishwa kuketi. Alisimama ukutani akilitazama tumbo la Makeke likivimba pande zote mbili kama gunia lililoshindiliwa, mpaka ng'ombe akaacha mateke, akawa anasimama tu, miguu imepanuka, anahema. Dada naye aliona. Ila alikuwa amekwisha tamka, na kulirudisha neno lake hakukuzoea.

Asubuhi Makeke alipoanguka, dada ndiye aliyepiga simu. Hakusalimu. "Amelala, hainuki. Anasukuma, hakitoki kitu. Njooni."

Daktari alifika kwa pikipiki huku mfuko wa vifaa ukimning'inia shingoni, naye Mama Mayai nyuma yake akiwa na chupa ya naitrojeni. Aliingiza mkono, akatafuta, uso wake ukabadilika. Aliacha mzaha, na mzaha ulipomwisha bwana yule, hata dada alielewa.

"Kichwa hakipiti," alisema. "Hata nusu. Tumsimamishe, nikate ubavuni. Sasa hivi."

Walimsukuma Makeke kwa mabega yao watatu mpaka akasimama akitetemeka. Daktari alinyoa ubavu wa kushoto, akachoma ganzi mstari mzima, akakata ngozi, akakata misuli, akazamisha mkono mpaka kwapani. Dada alishika kichwa cha Makeke, paji la uso wake limegusana na la ng'ombe, anamnong'oneza maneno ambayo hakuna mwingine aliyeyasikia. Mama Mayai alipewa kingo za mji wa mimba azishike ili maji yasimwagikie tumboni. Zilikuwa zinateleza, nzito, za moto.

"Usiachie," alisema Daktari. "Ukiachia, tumempoteza mama."

Hakuachia. Vidole vilikufa ganzi, damu ikamjaa viatuni. Daktari alifunga kamba miguu ya nyuma, akavuta. Haikutoka. Akapanua mkato, akavuta tena, mishipa ya shingo imemsimama. Makeke aliguna, magoti yakalegea.

"Simama, mama, simama," dada alimwambia. "Usinilalie sasa."

Ndama akatoka mara moja, kwa kishindo, akaangukia majanini kama mzigo uliotupwa kutoka kwenye lori.

Alikuwa dume. Alikuwa mkubwa kiasi kwamba Daktari alirudi hatua moja nyuma kumtazama. Ulimi mnene ulitokeza kando ya mdomo na haukurudi ndani. Kitovuni palikuwa na uvimbe, ngozi nyembamba iliyofunika matumbo yaliyotoka nje. Daktari alimwachia Mama Mayai sindano na uzi, akapiga goti, akamsugua ndama kifua kwa majani, akamtekenya puani kwa kijiti. Ndama akapiga chafya. Akavuta pumzi yenye mkwaruzo, kisha nyingine, ndipo Daktari akarudi kuzipokea kingo na kuendelea kushona.

Simu ya Mama Mayai ikalia. Aliiweka sikioni kwa vidole vilivyolowa damu.

"Yuko hai?" aliuliza Profesa.

"Yuko hai."

Alimweleza habari za ulimi na kitovu. Profesa alishusha pumzi. "Sikiliza. Wa namna hiyo haishi. Daktari anaweza kumpumzisha sasa bila maumivu, na wewe ukachukua ini, misuli, ubongo, vyote vikiwa na joto. RNA huharibika upesi, haimsubiri mtu, wewe mwenyewe unajua. Ukimwacha ajifie, tutabaki na makombo, na hatutajua kamwe kama ni ule uzi."

Hakuwa akisema uongo, na hapo ndipo palipouma. Chupa ya naitrojeni ilikuwa kivulini, hatua chache tu, ikitoa moshi mweupe mdomoni. Kwa miaka walikuwa wakimtafuta ndama wa namna ile.

"Ng'ombe si wangu," alisema.

"Ndama ni wa maabara."

"Ndama ametoka tumboni mwa ng'ombe wa dada yangu, Profesa. Nitachukua kipande cha kondo la nyuma na damu kidogo. Mengine siyagusi."

Akakata simu. Alipogeuka, dada alikuwa anamtazama juu ya shingo ya Makeke. Alikuwa amesikia kila neno. Aliinamisha kichwa, akaendelea kumnong'oneza ng'ombe wake mpaka mshono ukakamilika.

Makeke alipona polepole. Ndama ndiye aliyewatoa jasho. Hakuweza kunyonya kwa sababu ya ulimi, wala hakuweza kusimama. Mwili wake uliishinda miguu yake. Dada alimlisha kwa mpira uliopita kooni, akamgeuza upande huu na upande ule asipate vidonda, akamfunika magunia. Mama Mayai alichukua likizo akaja kusaidia. Dada aliongea naye kwa maneno ya kazi tu: leta maji, shika hapa, sogea. Usoni hakumtazama. Mama Mayai alivumilia. Alijua kuna wakati hasira ya mtu ndiyo kitu pekee kinachomshikilia.

Baadaye ndama akaanza kukoroma kila pumzi, na uvimbe wa kitovuni ukageuka rangi. Adhuhuri moja Mama Mayai alikuwa maabara akitafuta dawa dada alipompigia.

"Anateseka," alisema. Sauti ile nene ilikuwa imekuwa nyembamba. "Nimefanya nilivyoweza. Mlete Daktari ampumzishe. Na wewe uje na chupa yako."

"Dada, si lazima."

"Nimesema uje nayo. Kama alikuja kwa sababu ya kazi yako, asiondoke bure."

Walipofika, dada alikuwa ameketi chini, kichwa cha ndama kimelala pajani mwake. Hakumwachia mtu mwingine. Daktari alichoma sindano shingoni, na mkoromo ukapungua, ukapungua zaidi, ukakoma. Dada alimfumba macho kwa kiganja. Kisha akanyanyuka, akatoka bandani, akaketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, mgongo amewapa.

Mama Mayai alipiga moyo konde akaanza. Alijua lazima awe mwepesi, kabla joto halijaisha mwilini. Daktari alimshikia vichupa. Kila kipande kilipoingia kwenye naitrojeni kilitoa mlio mdogo wa kuchemka. Alipomaliza, alinawa, akatoka nje, akasimama nyuma ya dada.

"Wako wangapi wengine?" dada aliuliza bila kugeuka.

"Wengine gani?"

"Waliotoka kwenye lishe hiyo hiyo. Wako matumboni mwa ng'ombe za watu, au nimekosea?"

"Wapo. Mimba zao hazijafika wakati. Profesa anasema tusubiri majibu ya vipimo, tusije tukawatia watu hofu ya bure."

Dada akageuka. Macho yalikuwa mekundu, lakini makavu. "Mimi uliniambia mapema, nikaziba masikio. Hilo ni langu, nitalibeba. Lakini hao hawajaambiwa. Kesho unakwenda. Na mimi nakwenda nawe."

Profesa alikasirika, akasema wafugaji wangeikimbia maabara na kazi ya miaka ingekufa. Mama Mayai alimsikiliza mpaka mwisho, akachukua mashine, akaondoka. Alikuwa hajawahi kumkaidi mkuu wake hata kwa jambo dogo, na njia nzima miguu ilimwambia arudi.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya fundi seremala mmoja mwenye ng'ombe mmoja tu nyuma ya karakana. Alipoelezwa, aliweka randa chini, akasimama mlangoni mwa banda amekunja mikono.

"Mlisema ni ndama bora," alisema. "Leo mnasema ni ugonjwa. Keshokutwa mtasema nini? Ng'ombe wangu haguswi."

Mama Mayai alifungua mdomo aanze habari za mihuri na nyuzi. Dada akamgusa kiwiko.

"Fundi," alisema dada, "mimi nilijibu hivyo hivyo, tena kwa ukali kuliko wewe. Nikamwona ng'ombe wangu anafunguliwa ubavu akiwa amekwisha nguvu, nikamzika ndama aliyenizidi uzito. Huyu ni mdogo wangu. Aliyafanya yeye, na yeye ndiye aliyekuja kuniambia. Mwache apime. Ukitaka kumfukuza, mfukuze akishapima."

Seremala alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Akasogea.

Mkono ukaingia. Vumbi la mbao lilielea kwenye mwanga wa mlangoni. Mama Mayai alitafuta mguu, ukamponyoka, akautafuta tena. Dada alikuwa ameshika mkia kwa nguvu mpaka ng'ombe akalalamika. Akaupata mfupa. Akapima, akarudia, akaganda akitazama kioo.

"Sema basi," alisema seremala.

"Wa kawaida. Wa kawaida kabisa."

Dada aliachia mkia, akaegemea ukuta.

Si wote waliokuwa wa kawaida. Kwa mama mmoja muuza mboga walimkuta ndama aliyeanza kuzidi, na mama huyo alikubali papo hapo ng'ombe wake apasuliwe. Zilipobaki wiki mbili kabla ya kuzaa, Daktari alimtoa ndama kwa kisu, mchana kweupe, bila patashika. Alizaliwa mzito, ulimi umevimba kidogo, lakini jioni ile alisimama kwa miguu yake na kutafuta kiwele. Mfugaji mwingine aliwafungia geti, na hawakupewa nafasi ya pili.

Majibu yalichelewa. Yalipokuja, Profesa hakupiga simu. Aliyaleta mwenyewe nyumbani kwa dada, kofia mkononi, akakubali kuketi kwenye kibao cha kukamulia ingawa suruali yake ilikuwa ya ofisini. Dume aliyetoa mbegu alikuwa wa jamii tofauti na jike aliyetoa yai, kwa hiyo maandishi ya baba na ya mama yalitofautiana kidogo, na iliwezekana kujua uzi umetoka upande gani. Kwenye ini na kwenye ulimi wa ndama wa Makeke, ule uzi mrefu ulikuwa umetoka pande zote mbili. Mhuri wa mama haukuwepo. Breki ilikuwa kimya kote.

"Seramu tumeiondoa," alisema Profesa. "Viinitete vitakavyopona vitakuwa vichache. Afadhali vichache." Kisha akamwambia Mama Mayai, "Ulifanya vyema kwenda. Mimi nisingekwenda."

Dada alimmiminia chai. Profesa, pengine kwa kutaka kupendeza, akauliza kama siku moja Makeke angekubali kubeba tena.

"Makeke ana mchumba," alisema dada. "Fahali wa jirani. Hana cheti, lakini anajua kazi."

Mama Mayai alicheka mpaka chai ikampalia, na dada akampiga mgongoni kwa kiganja kizito, akimwambia anywe taratibu, chai haikimbii.